Uzi wa Bandi

Wifi yangu tulimzika mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, mvua ikinyunya. Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau, na ninayoyasahau kwanza ni yale yanayonihukumu. Juzi nilijisikia nikimwambia mteja kwamba tangu mwanzo nilihisi mdogo wangu ana jambo. Uongo mtupu. Tangu mwanzo niliyemshuku ni wifi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kinatazama barabara, kati ya duka la dawa na mtu anayetengeneza simu. Ndani mna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kubadilishia nguo ambalo halifiki chini. Cherehani ya pili ni ya mwenzangu, ambaye wateja wote humwita Vifungo, kwa kuwa hakuna amfikiaye kwa kushona tundu za vifungo. Hufanya kazi na pini mdomoni na bado anasema kuliko redio.

Mdogo wangu ni msoma mita za maji. Hupewa mashati mawili ya bluu kwa mwaka, na akiyaharibu ni juu yake. Ndiyo maana mashati yale yalikuwa yakija kwangu. Ni mwembamba, mpole wa sauti, na mtaani wanamwita Kijiti. Mkewe alimzidi kimo kwa kichwa kizima. Alikuwa na mabega mapana ya mtu anayebeba trei za mikate kiwandani mchana kutwa, na kicheko chake kilifika nyumba ya tatu. Walipopita pamoja, wapiga soga wa kwenye kona walisema, "Trekta hilo, limebeba kijiti." Wifi alicheka nao. Mdogo wangu hakucheka.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka saba. Nilimwita Pini, kwa wembamba wake na kwa namna anavyokaa kimya mahali mpaka umkanyage.

Shati la kwanza mdogo wangu alilileta limekunjwa ndani ya mfuko.

"Dada, limenasa kwenye geti la mteja."

Nililigeuza mwangani. Nguo iliyonasa kwenye msumari huchanika kwa pembe, na uzi hukatika upande mmoja. Hili lilikuwa limeachia pindo la nyuma, mshono wa ubavuni umefumuka kwenda juu, na kitambaa kimevutika na kubaki na mikunjo, kama kimefinywa kwenye ngumi. Kuna aliyelishika kwa nyuma akavuta.

Mdogo wangu alipoondoka Vifungo alinyoosha shingo. "Kijiti anakimbia nini siku hizi? Mbwa wa wateja?"

"Mbwa hana vidole," nikasema.

"Haya basi, ni mke!" Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, tukainama wote wawili kuziokota.

Mimi sikucheka. Baada ya miezi miwili likaja la pili, kisha la tatu, na yote yameachia palepale. Kola nzima, vifungo vya mbele vyote vipo. Nikapiga hesabu ya kifundi: watu wakipambana uso kwa uso, kola ndiyo hufa kwanza. Pindo la nyuma huchanika kwa mtu anayekimbia. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anakimbia ndani ya nyumba yake.

Nilikuwa na sababu ya kuamini upesi. Kwetu, mwenye mkono mwepesi alikuwa mama. Alimpiga baba kwa kandambili, kwa kitambaa cha kufutia meza, kwa kiganja, mbele ya wageni na mbele yetu. Baba alikuwa mtunza stoo, mtu mkubwa tu, na hakuwahi kuinua mkono. Majirani walikuja kuangalia kama wanaokuja kwenye mpira. Shuleni tuliitwa watoto wa Kofi. Mimi nilizoea. Mdogo wangu hakuzoea. Siku moja, akiwa na miaka kumi hivi, alimwona baba akiokota kofia yake uani huku watu wakimshangilia, akaniambia, "Mimi hakuna mwanamke atakayeniokotesha kofia." Nilimpa kipande cha mua atulie. Nilidhani ni maneno ya mtoto.

Basi nilipoyaona mashati yale nilijiambia: hii hadithi naijua.

Nilianza kwenda kwao Jumapili alasiri, nikijifanya nimepita tu. Nilimchunguza wifi kama ninavyochunguza kitambaa cha muuzaji nisiyemwamini. Alivaa mikono mirefu hata kwenye joto. Nikasema moyoni, anaficha misuli. Alipokaribisha chai alikuwa akimtupia mumewe jicho kila mara. Nikasema, anamchunga.

Jumapili moja kikombe kilimponyoka Pini kikavunjika sakafuni. Kicheko cha wifi kikakatika katikati. Akaruka kutoka upande wa pili wa chumba, "Ni mimi, ni mimi nimemgonga, si yeye!" wakati wote tuliona kwamba hakuwa karibu. Mdogo wangu akasema kwa upole, "Si kitu, mke wangu, ni kikombe tu," akatabasamu, akaendelea kukunja mikono ya shati lake, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

Njiani kurudi niliwaza: asiye na hatia angejitetea hivyo kwa nini?

Wiki iliyofuata mdogo wangu alipokuja kuchukua shati la tatu, nilimtuma Vifungo nje kununua rula.

"Rula tunazo tatu," akasema Vifungo.

"Nenda kanunue ya nne."

Akaenda akinung'unika. Nilimkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha wateja. "Nakuuliza mara moja tu. Mkeo anakupiga?"

Alitazama mikono yake, akatazama barabarani. Macho yakamlowa. "Dada," alisema, "mambo ya ndani ni ya ndani. Wewe unakumbuka baba."

Hakusema ndiyo. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Hakusema ndiyo hata mara moja. Mimi ndiye niliyelisema kwa niaba yake, na yeye akaniachia nilibebe.

Haikupita muda wifi akaja mwenyewe dukani, saa ya chakula cha mchana, bado ana unga wa mikate kwenye nyusi. Alisimama nyuma ya pazia letu fupi, akaniita niingie. Akavua mkono mmoja wa blauzi. Juu ya kiwiko kulikuwa na alama nne za kijani na moja ya tano upande wa ndani.

"Wifi, nataka kuondoka na mtoto. Nimeshakwenda ustawi wa jamii. Afisa kasema nilete mtu wa familia. Nifuate, useme unachokijua."

Nilizitazama zile alama. Ni vidole, hilo halikuwa na ubishi. Lakini nilijiuliza: mtu anayezuia kipigo si hushika mkono wa anayempiga hapohapo? Unaona jinsi akili inavyoshona ikiwa imekwisha kata kitambaa.

"Ninachokijua," nilimwambia, "huenda hukipendi."

Alinitazama akiinamisha macho kidogo, kwa sababu ya urefu wake, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Wewe ni mwanamke mwenzangu."

"Mimi ni dada wa mtu."

Akavaa mkono wake wa blauzi. Alipotoka alimsalimia Vifungo vizuri tu, hata akamtania kuhusu kushona kwa miwani ya kuning'inia puani. Vifungo akasema, "Huyu mwanamke ana raha zake." Nami nikasema, "Ndivyo wanavyokuwa."

Siku ya kuitwa kwa afisa nilikwenda. Sikwenda upande wa wifi. Nilikwenda na mashati.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na makabati ya mafaili yasiyofungika. Afisa alikuwa mama wa makamo, sauti kavu, haonyeshi anaegemea wapi. Kwenye meza ya pili karani alikuwa akipiga mihuri. Wifi alizungumza kwanza, na alizungumza vibaya. Alirukaruka, akasahau tarehe, akapandisha sauti, akaanza kulia kwa hasira. Mdogo wangu aliongea kidogo, magoti yamebanana, mfuko wa plastiki mapajani. Afisa alipomwuliza, "Na wewe unasema nini?" alijibu, "Mimi sina la kusema, mama. Dada yangu ataeleza."

Nikayatandika mashati mezani. Nikaeleza pindo, nikaeleza ngumi, nikaeleza tofauti ya msumari na kidole. Nikasema mdogo wangu hupigwa akikimbia.

Karani akacheka puani. "Huyu bwana? Anapigwa na mke?"

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Niliona uani kwetu, nikaona kofia ya baba. Nikamgeukia karani nikamwambia, "Angekuwa mwanamke ungecheka?" Akainamisha uso. Afisa alimkemea, akaandika kila nililosema, neno kwa neno. Nilijiona nimesimama mahali ambapo angalau mtu mmoja alipaswa kusimama kwa ajili ya baba yangu.

Pini aliulizwa mbele yetu sote, "Nyumbani nani anampiga mwenzake?" Akatazama viatu vyake. "Sijui." Wifi alifunga macho.

Uamuzi wa afisa ulikuwa wa muda, mpaka wasikilizwe tena: mama akakae kwa mama yake mzazi, mtoto abaki kwa baba karibu na shule yake, shangazi awe anapita kumtazama. Shangazi ndiye mimi. Niliweka saini.

Wifi alikaa kwa mama yake siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilipopita nilimkuta uani anafua, kama hakuna kilichotokea.

"Si uliambiwa ukae kwenu?"

"Mtoto wangu yuko hapa," alisema bila kugeuka. "Alipo mtoto nami nipo."

Niliona ni ujeuri. Na kweli, wiki ya pili mdogo wangu akaja na shati, pindo la nyuma limeachia. Wakati wote wifi alipokuwa kwa mama yake hakikuchanika kitu. Ushahidi gani zaidi nilihitaji?

Hapa ndipo panaponiuma kupaandika, nami nitapaandika polepole.

Sisi mafundi tuna aina mbili za uzi mezani. Upo uzi wa kushonea, na upo uzi wa bandi, dhaifu, wa kushikiza nguo kwa muda kabla ya mshono wenyewe. Uzi wa bandi unaukata kwa kuuvuta kwa vidole viwili. Tunafundishwa kwamba mahali panapovutwa sana ni heri uzi uachie kuliko kitambaa kiraruke, maana uzi unarudishwa na kitambaa hakirudi. Nililishika lile shati nikafikiri, safari hii akishikwa, limwachie. Aende zake. Ambakizie mwanamke huyo nyuzi mkononi. Nikakunja pindo, nikalishona lote kwa uzi wa bandi, pamoja na kiraka kirefu nilichokitia ubavuni. Nikapiga pasi mpaka huwezi kujua.

"Umelitia nini hili?" Vifungo aliuliza, akilipapasa.

"Akili," nikasema.

Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Wifi ameteleza bafuni, amegonga kichwa kwenye ukingo wa pipa la zege. Nilipofika alikuwa tayari amefunikwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, amevaa fulana, amelowa. Polisi walikuja wawili. Waliuliza majirani kama nyumba ile ina ugomvi. Majirani wakasema upo, ila pale mkali ni mke. Waliniuliza na mimi. Nikasema hata ustawi wa jamii wanalo faili. Mmoja wao akapiga simu kuulizia, akaitika mara tatu, akafunga daftari. Ndivyo neno langu lilivyofunga mlango ambao ulikuwa umeanza kufunguliwa.

Kwenye mazishi mama yake wifi, bibi mfupi asiyelia kwa sauti, alinishika mkono akaniuliza jambo moja tu: "Binti yangu bafu lile ameliosha miaka minane. Aliteleza vipi?"

"Mama, ajali haina kinga."

Akauachia mkono wangu kama mtu anayerudisha bidhaa.

Siku ya tano baada ya mazishi nilikwenda kusafisha chumba chao. Mdogo wangu alikuwa kazini, Pini amekaa mlangoni. Nilivuta godoro kulipiga jua, na chini yake, kwenye chaga, kulikuwa na shati la bluu, limekauka likiwa limekunjamana. Pindo la nyuma lote limetoka, na kile kiraka cha ubavuni hakipo. Kitambaa hakikuraruka hata kidogo. Uzi wa bandi ulikuwa umeachia sawasawa kama nilivyoupanga.

Nikakaa kwenye chaga. Nilimwuliza mtoto, sauti ikiwa ya kawaida kabisa, kwa nini baba aliweka shati hapa.

"Limechanika."

"Nani amelichana?"

Akaficha mikono nyuma. "Mimi."

"Lini?"

"Siku ya mama."

"Nionyeshe ulivyofanya, Pini. Shangazi hakasiriki."

Akaja nyuma yangu. Nikasimama. Alishika pindo la gauni langu kwa ngumi zote mbili, akakunja magoti, akaning'inia na uzito wake wote. Nilirudi hatua nzima nyuma.

"Nikifanya hivi baba anageuka," alisema kutoka chini kule. "Akigeuka ananisukuma, halafu mama anapata kukimbia nje. Siku zote inafanya kazi."

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo."

Sikuwa na swali lingine, lakini yeye alikuwa nalo. Aliliachia gauni, akazunguka mbele akanitazama.

"Siku ile liliniachia, nikaanguka. Shangazi, mbona safari hii hukulishona vizuri?"

Wifi alikuwa mrefu. Mkono wake ungevuta kwenda juu, na mashati yote yale yalikuwa yamevutwa kwenda chini, kila moja, tangu la kwanza. Niliyashika, niliyapiga pasi, niliyaeleza mbele ya afisa. Jicho liliona, likapita. Nilikuwa nimempima wifi kwa utepe wa mama yangu. Baba yangu hakulala hospitali hata usiku mmoja kwa ajili ya mama. Alichoogopa ni kuchekwa. Wifi aliogopa kufa, na mimi nikadhani ni kitu kimoja kwa sababu vyote viwili huitwa kupigana.

Nilimchukua Pini tukaenda dukani kwangu. Nilimwambia Vifungo amkalishe upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu.

Mdogo wangu alikuja jioni kabla jua halijazama, bado amevaa sare. Alisimama mlangoni.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Anabaki."

Alitazama meza. Shati lilikuwa pale, limetandikwa. Alilitazama, akanitazama mimi, na nilimwona akichagua sura ya kuvaa. Kwanza alivaa ile ya kulia.

"Dada, umeanza kunishuku? Mimi?"

"Nilimshuku wifi miezi yote ile. Wewe hata siku moja."

"Mtoto mdogo huyo, ana majonzi, anasema chochote."

"Mkeo alikupiga mara ngapi?"

"Wewe si uliona—"

"Sikuona. Nakuuliza. Mara ngapi?"

Nyuma yangu Vifungo alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Mara moja," alisema. "Mwaka wa kwanza. Kofi. Mbele ya rafiki yangu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilikuwa namwona machoni. Anataka. Ukimwachia mwanamke mara ya pili, unajua mwenyewe yanafika wapi, dada. Wewe ndiye shahidi, tulilelewa nyumba moja. Ulitaka niokote kofia?"

"Pale bafuni alikuwa anataka nini?"

Mkono wake uliokuwa kwenye fremu ya mlango ulishuka kwenye kifungo cha shati, ukawa unakifungua na kukifunga. "Alisema ameshapanga gari la kuhama. Na mtoto. Nilimsukuma tu. Dada, wallahi, nilimsukuma tu. Mwili wake ule, ningejuaje kwamba ataanguka?"

Vifungo akasema polepole, kama anajisemea, "Kumbe trekta alikuwa mwingine."

Mdogo wangu akapiga hatua moja ndani. Pini alishuka kwenye kiti. Hakukimbia. Alizunguka meza ya kukatia, kimyakimya, mpaka akawa nyuma ya baba yake, na mikono yake ikaanza kuinuka.

"Pini, hapana," nikasema. "Kazi hiyo si yako. Rudi ukae."

Mdogo wangu aligeuka akamwona, na ile mikono ikiwa hewani. Sijui aliona nini. Alitoka, akaacha mlango wazi. Nikafunga duka, nikamwacha mtoto na Vifungo, nikaenda polisi na shati kwenye mfuko.

Usidhani waliniamini. Polisi aliyenipokea alikuwa yuleyule wa bafuni. "Wewe mama ulituambia mkali ni mke." Nikasema ndiyo. "Na ustawi wa jamii uliwaambia hivyo hivyo." Ndiyo. "Leo mmegombana na mdogo wako? Kuna nyumba? Kuna kiwanja?" Aliniuliza kwa njia tano tofauti ninapata faida gani. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningejishuku mimi pia. Nilieleza uzi wa bandi mara nne kwa watu wanne, na kila mara niliona macho yao yakisema, huyu mwanamke ama ni mwendawazimu ama alishirikiana naye.

Kilichowageuza hakikuwa maneno yangu. Ni kile kiraka cha ubavuni. Pini alikuwa nacho kwenye mkoba wa shule, kati ya daftari la hesabu na la kusoma. Alikuwa ameshindwa kukitupa, na kilikaa sawasawa kwenye pengo la shati. Afisa wa ustawi alikaa naye peke yake chumbani, bila baba, bila mimi, asubuhi nzima, kama ilivyopasa kufanywa tangu mara ya kwanza. Alipotoka alikuwa amevua miwani. Mdogo wangu alichukuliwa kazini siku hiyohiyo, katikati ya mtaa, na kitabu chake cha mita mkononi.

Kwa muda mtoto alipelekwa kwa bibi yake, ikabaki kuamua akae kwa nani. Nilitaka aje kwangu. Nilitaka sana, sitaficha. Nilikuwa nimeshasogeza kitanda dirishani. Kikao kilikuwa chumba kilekile, meza zilezile. Mama yake wifi alikaa mwisho wa benchi, mkoba magotini.

Afisa alinipa nafasi ya kwanza. Nilisema nina chumba, nina kazi, shule iko karibu. Kisha nikageuka nikamwambia yule bibi habari ya uzi. Afisa alisema si lazima. Nikasema ni lazima, asije akaisikia kwa mwingine. Nilimwambia nani alishona, kwa uzi gani, na kwa nia gani.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulimshonea mwanaume njia ya kukimbia," alisema, "na binti yangu hakuwa na njia."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto analijua hili?"

"Anajua sikushona vizuri. Hajui kwamba nilikusudia."

"Utamwambia?"

"Akikua. Akiniuliza."

"Utamwambia hata asipokuuliza," alisema. "Lakini si sasa. Sasa anadhani mikono yake ndiyo iliyoshindwa. Kila asubuhi ananionyesha mikono. Nikisema ni uzi, atakuchukia wewe, na sijui kama kuchukia kutamsaidia." Akamgeukia afisa. "Mimi namtaka mjukuu wangu. Huyu simwamini. Simwamini, ila amesema ukweli mahali ambapo angeweza kunyamaza. Liandikwe na hilo."

Afisa akaandika. Mtoto kwa bibi.

Nje, Pini alikuwa kwenye ngazi na begi lake. Sauti ya mtu mmoja ilipanda ndani ya ofisi ya jirani, ugomvi wa watu wengine kabisa, na nilimwona akigeuza kichwa upesi kutafuta imetoka wapi. Bibi yake naye aliona. Akamshika mkono, akausubiri mpaka ukalegea.

"Shangazi anakuja na sisi?" Pini aliuliza.

"Leo hapana."

"Kesho?"

Bibi alinitazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka kilemba, kama mtu anayekagua kazi aliyoletewa. "Jumapili," alisema. "Saa tisa. Utakaa sebuleni, na mimi nitakuwepo."

Nikasema asante, mama. Walishuka ngazi taratibu, mtoto upande wa ukuta. Nilisimama palepale mpaka karani akaja kufunga mlango.